Kutolewa tezi dume kwa saratani: mwongozo kwa mzee na kwa anayemuuguza

Rafiki wa baba wa msikitini alimpigia simu kumpa moyo. "Usihofu sheikh wangu, hata mimi nilifanyiwa mwaka juzi. Wiki mbili tu nikarudi shambani." Baba akalala vizuri usiku ule. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, maana nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba rafiki yake alikwanguliwa tezi iliyokua kwa umri, na baba alikuwa anakwenda kutolewa tezi nzima kwa sababu ya saratani. Mtaani zote zinaitwa "operesheni ya tezi dume". Hazifanani kwa ukubwa, wala kwa kupona, wala kwa kinachofuata.

Naandika kwa anayesubiri kisu, na kwa mtoto, mke au mpwa atakayekaa naye. Mimi si daktari, nilikuwa mbeba faili. Ya kitabibu niliyauliza na kuyasoma, lakini daktari wako akisema tofauti kuhusu mwili wako, mfuate yeye.

Hatua ya 1: Jua ni operesheni ipi

Tezi dume iko chini ya kibofu, imeizunguka njia ya mkojo kama pete. Ifikirie kama chungwa. Kwa wazee wengi nyama ya ndani ya chungwa hukua na kuibana njia, mkojo ukawa wa kudondoka na wa kuamka usiku mara tano. Huo si saratani. Daktari hukwangua au hukamua ile nyama ya ndani, ganda likabaki. Ndiyo aliyofanyiwa rafiki wa baba. Na kwa kuwa saratani nyingi za tezi dume huanzia huko kwenye ganda, aliyekwanguliwa bado anaweza kuipata baadaye. Wengi hawaambiwi, wanaacha kupima wakidhani hawana tezi tena.

Operesheni ya saratani huondoa chungwa zima na ganda lake, pamoja na vifuko viwili vya mbegu vilivyo nyuma yake, na mara nyingine mitoki (tezi ndogo za kinga) ya ndani ya nyonga. Kisha kibofu kinashushwa na kushonwa moja kwa moja kwenye njia ya mkojo.

Ipo na ya tatu: kutolewa korodani. Hii hufanywa saratani ikiwa imeshasambaa, ili kukata homoni inayoilisha. Haigusi tezi yenyewe. Namjua mtu aliyesaini ridhaa ya hii akidhani anasaini ile nyingine, na uchungu wake haujaisha mpaka leo.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, ulitamke hivihivi: "Daktari, unatoa tezi yote na vifuko vya mbegu, unakwangua njia tu, au unatoa korodani?"

Hatua ya 2: Kusanya karatasi zako

Nunua daftari la kaunta na bahasha kubwa. Usitegemee faili la hospitali. Karatasi unazotaka ziwe mkononi ni hizi.

Majibu yote ya PSA, hata ya zamani. Ni kipimo cha damu cha protini inayotengenezwa na tezi. Wengi huanza kushtuka kikivuka 4, lakini namba pekee haisemi saratani: hupanda kwa tezi iliyokua, kwa maambukizi ya mkojo, kwa mpira wa mkojo uliowekwa karibuni, hata kwa tendo la ndoa la jana yake. Cha baba kilikuwa 13.6.

Majibu ya vinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vinavyopimwa maabara. Huchukuliwa kwa sindano, mara nyingi vipande 10 hadi 12, kupitia njia ya haja kubwa au ngozi iliyo nyuma ya korodani. Hapa utakuta alama ya Gleason, imeandikwa kama jumla ya hesabu: 3+3=6, 3+4=7, hadi 5+5=10. Namba ya kwanza ni sura ya seli zilizo nyingi zaidi, ndiyo maana 3+4 na 4+3 si sawa ingawa zote ni saba. Baba alikuwa 3+4. Sita ni saratani pole sana. Nane kwenda juu ni kali.

Halafu picha: MRI ya nyonga kuona kama saratani imevuka ganda, na kwa mwenye PSA ya juu au Gleason kali, kipimo cha mifupa. Usikubali kupangiwa tarehe ya upasuaji wakati hakuna aliyeangalia kama saratani bado imo ndani ya tezi. Ikiwa imeshafika kwenye uti wa mgongo, kutoa tezi ni kufunga zizi ng'ombe wakiwa nje.

Hatua ya 3: Uliza kama kisu ndicho

Familia yetu ilitaka kesho. Shangazi alishaanza kuchangisha kwenye kundi la WhatsApp kabla ya majibu ya MRI kutoka. Ukisikia "saratani", unataka kitu kitolewe jana.

Ukweli ni kwamba kwa saratani ya tezi dume iliyo bado ndani, una muda. Na hata ukitaka haraka, baada ya kuchukuliwa vinyama madaktari wengi husubiri wiki 6 hadi 8 ili damu na uvimbe vitulie, la sivyo tishu hushikamana na kazi ya mpasuaji inakuwa ngumu. Tumia wiki hizo kuuliza.

Njia ni tatu. Kufuatiliwa kwa karibu bila kuguswa, hasa kwa Gleason 6. Mionzi, mara nyingi pamoja na sindano za kushusha homoni. Na upasuaji, ambao hufaa zaidi kwa mtu ambaye saratani yake haijatoka nje na ambaye afya yake kwa jumla inaonyesha ana miaka 10 au zaidi mbele.

Uingereza walifanya utafiti uitwao ProtecT: wanaume 1,643 wa miaka 50 hadi 69 waligawanywa kwa bahati nasibu katika njia hizo tatu. Majibu ya miaka 15 yalitoka 2023, na katika kila kundi takriban 97 kati ya 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Waliofuatiliwa tu, saratani ilisambaa kwa wengi zaidi, karibu mara mbili ya makundi mengine. Lakini ipime taarifa hii kwa kibaba chetu: wengi wao walikuwa na saratani iliyogunduliwa mapema mno, na karibu wote walikuwa Wazungu. Sisi Waafrika tuna hatari kubwa zaidi, na huku kwetu wengi hufika hospitali wamechelewa. Mimi naichukua kama sababu ya kutokimbizwa, siichukui kama sababu ya kulala.

Wakubwa wetu nao walitofautiana. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alipasuliwa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, na mwenyewe akawaeleza Watanzania kwamba ilikuwa saratani iliyokamatwa mapema. Mzee Mandela, 2001, alitibiwa kwa mionzi. Muone daktari bingwa wa mfumo wa mkojo na pia daktari wa mionzi kabla ya kuamua, maana mwenye kisu huona kisu na mwenye mionzi huona mionzi. Daktari anayejua kazi yake hawezi kukerwa na swali.

Hatua ya 4: Maswali ya kumuuliza mpasuaji

Muulize amefanya hizi ngapi, za saratani, si za kukwangua. Muulize wagonjwa wake wangapi bado wanavaa pedi baada ya mwaka. Akikwepa, umejibiwa.

Kisha uliza kuhusu mishipa ya fahamu. Mpaka miaka ya themanini karibu kila mwanaume aliyetolewa tezi kwa saratani alipoteza nguvu za kiume, na watu wakadhani haiepukiki. Mwaka 1981, Patrick Walsh wa Johns Hopkins alikwenda Leiden, Uholanzi, akakutana na daktari mstaafu Pieter Donker, wakaifuata mishipa hiyo kwenye maiti ya kichanga, ambayo tishu zake huonekana wazi zaidi. Wakakuta inapita ubavuni mwa tezi, kulia na kushoto, nje ya ganda. Kumbe ilikuwa inakatwa kwa kutojua ilipo. Mwaka uliofuata Walsh akafanya upasuaji wa kuinusuru. Siku hizi swali ni: "Yangu itanusuriwa pande zote mbili, upande mmoja, au saratani iko karibu nayo mno?" Jibu la tatu linaweza kuwa sahihi kabisa. Bora kulijua kabla.

Na roboti? Watu wanauza viwanja kwenda kupasuliwa na roboti India. Roboti hupunguza damu inayomwagika na siku za kulala wodini. Lakini Brisbane, Australia, waliwapanga wanaume 326 kwa bahati nasibu, roboti dhidi ya upasuaji wa kawaida, na baada ya miaka miwili hakukuwa na tofauti ya maana kwenye kuvuja mkojo wala nguvu za kiume. Mkono wa mpasuaji ni mkubwa kuliko mashine. Usiuze kiwanja.

Anayetaka bado kupata mtoto aseme sasa. Baada ya operesheni hii hakuna shahawa zitakazotoka, basi.

Hatua ya 5: Wiki za kabla

Anza mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga leo, si baada ya upasuaji. Ni ile misuli unayoibana kuzuia hewa isitoke ukiwa mbele za watu. Simama uchi mbele ya kioo, vuta kama unayeurudisha uume ndani: shina lake liingie kidogo na korodani zinyanyuke. Matako yasikaze, tumbo lisikaze, pumzi isizuiwe. Shika sekunde tano, achia tano, mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Baba alikuwa anafanya akisubiri iqama, mwito wa kuanza sala. Baada ya wiki tatu alishika sekunde kumi.

Sigara iachwe. Dawa zote zitajwe: aspirini ndogo ya moyo na dawa nyingine za kuyeyusha damu mara nyingi husimamishwa siku kadhaa kabla, ila mwenye kifaa kwenye mshipa wa moyo asisimamishe bila daktari wa moyo kukubali. Mitishamba nayo itajwe. Baba alificha vidonge vyake vya kitunguu saumu, vikagunduliwa na nesi siku ya kulazwa, tarehe ikasogezwa wiki nzima.

Damu: sisi tulitakiwa kupeleka wachangiaji watatu. Wapange mapema, wawe na wa akiba, kwa sababu mmoja atakuta presha iko juu na mwingine simu yake itazimwa.

Bima: uliza kama kibali kinahitajika kabla, na kama kipimo cha maabara cha tezi iliyotolewa kimo. Kwa wenzetu wa Kenya, mamlaka ya bima ya afya, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hiyo hakikisha usajili wako umekamilika kabla ya kulazwa.

Na pa kukaa. Sisi kwetu Korogwe, hospitali Dar. Usipange kurudi mkoani siku ya kuruhusiwa. Saa nyingi kwenye basi ukiwa na mpira na kidonda ni kuialika damu igande mguuni. Tulikaa kwa shangazi Temeke wiki tatu, kilomita chache kutoka hospitali, na kuna usiku mmoja nilimshukuru Mungu kwa uamuzi huo, nitausimulia.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kwa mgonjwa hii ndiyo siku rahisi kuliko zote. Chakula husimama kwa muda wa saa sita kabla ya operesheni, maji kwa muda wa saa mbili, au kama utakavyoambiwa. Anapewa nusu kaputi, au ganzi ya mgongoni. Kwa njia ya kawaida hupasuliwa kutoka chini ya kitovu kushuka kwenye kinena. Kwa njia ya matundu, kama ile ya roboti, huwa na vidonda vidogo vitano au sita. Kazi huchukua saa mbili hadi nne. Akizinduka atakuta mpira wa mkojo, mrija wa kutoa majimaji tumboni, na kiu.

Kwa aliyeko nje: kaa karibu na mlango, simu iwe na chaji. Saa ya tatu niliitwa jina, nikasimama nikijua ni habari mbaya. Nesi akanikabidhi kopo la plastiki lenye kifuniko cha bluu. Tezi ya baba ilikuwa ndani, kwenye dawa, ndogo kuliko nilivyotarajia, na vifuko viwili vimesimama juu yake kama masikio. Nilitakiwa niipeleke maabara mwenyewe, nilipe, nirudi na risiti. Si kila hospitali hufanya hivyo. Ikitokea kwako, soma lebo pale pale: jina, umri, namba ya faili, tarehe. Yangu ilikuwa imeandikwa jina la baba na umri wa mtu mwingine. Tulisahihisha mlangoni. Kopo lisikae nyumbani hata usiku mmoja.

Kesho yake atasimamishwa atembee. Atakataa. Mbembeleze, mwambie hata hatua kumi, kwani kutembea ndiko kunakozuia damu kuganda. Wengine hupewa na sindano za tumboni kwa ajili hiyo, mara nyingine mpaka wiki nne.

Hatua ya 7: Mpira wa mkojo

Utakaa siku 7 hadi 14. Huu mpira si kama ule wa mtu aliyeziba mkojo. Unashikilia mshono kati ya kibofu na njia ya mkojo wakati unapona, na ndani una kaputo ka maji kanakouzuia usitoke.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: ukichomoka kabla ya siku, hakuna mtu wa zahanati ya jirani anayeruhusiwa kuingiza mwingine. Akilazimisha atautoboa mshono. Rudi kwa waliokupasua, hata usiku. Niliandika kikaratasi nikakitia kwenye pochi ya baba na kingine nikambandikia nyuma ya simu: "Nimetolewa tezi dume yote tarehe fulani. Mpira usitolewe wala kubadilishwa bila daktari wangu. Nisiwekewe kitu chochote njia ya haja kubwa." Hilo la mwisho kwa sababu utumbo uko karibu sana na mshono: si bomba la kusafisha tumbo, wala dawa ya kuchomeka, kwa wiki sita.

Usafi ni sabuni na maji, mara mbili kwa siku, pale mpira unapoingilia. Ufungwe pajani usivutane. Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu daima, hata akitembea, na usiguse sakafu. Usiku tuliuning'iniza kwenye ndoo ndogo kando ya kitanda. Suruali achana nazo. Baba alivaa msuli wiki zote mbili, na mfuko ukakaa kwa heshima zake.

Maji lita mbili hadi tatu kwa siku. Mkojo wa rangi ya juisi ya rozela iliyozimuliwa ni kawaida, hasa baada ya choo au matembezi. Ukiwa mzito kama nyanya ya kopo, au una mabonge, nenda hospitali. Mkojo kupita pembeni ya mpira na maumivu ya kubana ghafla yanayopita ni kibofu kinapigana na kaputo. Kuna vidonge vyake, omba.

Ule usiku sasa. Saa tisa baba ananiita, "Mwanangu, tumbo linapasuka." Nikaangalia mfuko: mkavu, hauna kitu tangu saa sita. Nikaanza kutafuta gari. Shangazi, ambaye alimuuguza mumewe, akaniambia, "Fuata mpira kwanza, mpaka mwisho." Ulikuwa umekunjwa chini ya paja lake. Tulipounyoosha mfuko ulijaa kwa dakika chache, na baba akalala kabla sijazima taa. Lakini kama mpira umenyooka na mkojo hautoki, hapo usisubiri kukuche.

Choo kigumu ni adui. Papai, mchicha, ugali wa dona, na dawa ya kulainisha ikihitajika. Asikamue. Asibebe ndoo ya maji, asipande bodaboda, asishike jembe kwa wiki sita.

Yanayokurudisha hospitali bila mjadala: homa ya nyuzi 38 na kutetemeka, kidonda kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kubana au pumzi kukata ghafla.

Hatua ya 8: Mpira ukitoka

Nenda na pedi siku hiyo. Hili hakuna aliyetuambia. Baba alisimama kutoka kitandani, mkojo ukamshuka miguuni mbele ya nesi msichana, akanitazama kama mtoto. Nilikimbia duka la dawa. "Za mama au za dada?" akauliza muuzaji. Nikasema za mama. Mwaka ule wote niliendelea kununua duka lilelile, naye akiendelea kumsalimu mama.

Kuvuja mwanzoni ni kawaida. Wengi hurejesha udhibiti kati ya miezi mitatu na mwaka, usiku kwanza, kisha asubuhi, jioni mwisho wa yote kwa kuwa misuli huwa imechoka. Hesabu pedi kwa siku na uandike daftarini. Baba alianza na sita. Mwezi wa tatu zikawa mbili, wa saba akabaki na moja ya "tahadhari" ambayo jioni ilikuwa kavu. Bila kuandika angeapa kwamba hakuna kinachobadilika.

Mazoezi husimama mpira ukiwa ndani, yanaanza tena ukitoka. Sasa ongeza hili: bana kabla ya kukohoa, kabla ya kupiga chafya, kabla ya kuinuka kitini. Usipunguze maji kwa kuogopa kuvuja, punguza chai na kahawa. Mkojo ukianza kuwa mwembamba kama uzi, huenda mshono unajikunja na kovu. Usingoje uzibe. Na anayelowa sana baada ya mwaka asikubali kuambiwa avumilie, kwani zipo operesheni za kusaidia.

Sala ilimtesa baba kuliko kidonda. Aliacha kwenda msikitini wiki mbili bila kusema. Kumbe fiqhi, yaani sheria za ibada, ina mlango wa zamani kwa asiyeweza kuzuia mkojo: wakati ukiingia anajisafisha, anavaa pedi safi, anatia udhu kwa ajili ya sala hiyo ya faradhi na kusali, na kinachotoka bila hiari hakimharibii. Imamu alimweleza kwa dakika tano. Muulizeni imamu wenu siku ya kwanza.

Hatua ya 9: Chumbani

Haya mimi na baba hatukuyazungumza, kwetu hayazungumzwi. Nilimwomba daktari awaite yeye na mama pamoja, nikatoka nje. Siku nyingine nikamuuliza daktari ya kuandika hapa.

Hamu hubaki, na utamu wa mwisho hubaki, ila hakuna kinachotoka. Kusimama kwa uume ndiko kunakochelewa, kwani mishipa hata ikinusuriwa huwa imeshtuka, na kurudi kwake kunaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Wengine hakurudi kama zamani. Vidonge vya sildenafili au tadalafili husaidia wenye mishipa, lakini kamwe visichanganywe na dawa za moyo za naitreti: presha huanguka na mtu hufa. Pampu ya kuvuta na sindano pia zipo. Zile za kwenye chupa zisizo na jina, zinazouzwa stendi, wacha.

Mke aambiwe kabla ya operesheni. Mwanaume anayehamia chumba cha wageni bila maelezo, mkewe ataelewa kitu kingine kabisa.

Hatua ya 10: Majibu ya tezi, kisha PSA

Majibu ya lile kopo ndiyo hukumu halisi. Tafuta mistari mitatu: Gleason ya mwisho (huweza kubadilika kutoka ile ya vinyama), kama kingo ni safi, yaani saratani haikufika pale kisu kilipopita, na kama vifuko vya mbegu au mitoki vimeguswa. Omba nakala. Ya kwetu ilikuwa tayari wiki nzima kabla mtu hajatupigia simu.

PSA ya kwanza hupimwa wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji. Tezi haipo, kwa hiyo inatakiwa iwe kama hakuna, chini ya 0.1. Baada ya hapo kila miezi michache mwaka wa kwanza, kisha hupanuliwa kadiri daktari atakavyosema. Pima maabara ileile, maana mashine hutofautiana. Ikifika 0.2 na ikathibitika mara ya pili, saratani imerudi, na hapo mionzi ikianza mapema bado inaweza kuitibu. Ndiyo maana anayeacha kupima kwa kujisikia mzima amepoteza nafasi hiyo kabla hajajua alikuwa nayo. PSA hupanda miaka mingi kabla ya maumivu.

Watoto wa kiume na ndugu wa kiume wa mgonjwa nao wana hatari takriban mara mbili ya watu wengine. Waanze kuzungumza na daktari wakiwa na miaka 40 hadi 45. Kipimo ni damu kwanza. Kile cha kidole, cha kupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, ambacho watu wamekifanyia utani mpaka wazee wamekufa kwa kukiogopa, huchukua chini ya dakika moja, na daktari hutafuta tu kama kuna pagumu.

Daftari la baba lina safu ya namba chini ya 0.1, moja kila miezi sita. Mimi nina miaka 44. Changu cha kwanza kilisoma 0.9, na nimekiandika ukurasa wa mwisho, kwa kuwa ndio uliokuwa mtupu.